Moshi wa Betri Kuukuu Unavyoingia Nyumbani

Hotuba ya afisa wa afya ya umma kwa wakazi

 

Leo siuzungumzii moshi wa matatu. Nauzungumzia moshi wa betri za gari, maana hapa Mombasa tumeuona, pale Owino Uhuru. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kupata madini ya risasi kilipakana na nyumba za watu. Kilifungwa mwaka 2014. Wakazi walikwenda kortini, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikarejesha uamuzi wa mwaka 2020 wa kuwalipa fidia ya shilingi bilioni 1.3.

Moshi ulikoma 2014, madhara hayakukoma. Risasi haiozi, wala haiungui ikaisha. Mvuke wake ukipoa huwa vumbi laini. Linatua juu ya mabati, linaingia katika maji ya mvua tunayokinga, linakaa sakafuni anapotambaa mtoto. Mtoto naye hutia mkono mdomoni, na mwili wake hufyonza risasi aliyoimeza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima. Hukaa kwenye mifupa na meno. Mama akishika mimba, hutoka mifupani ikaingia kwenye damu na kumfikia aliye tumboni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Dawa za kuipunguza mwilini zipo, lakini ubongo wa mtoto ulioharibika hauponi kwa dawa hizo.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni uani kwetu. Risasi huyeyuka kwa nyuzi 327 za Selsiasi. Jiko la makaa na sufuria kuukuu vinatosha. Ndugu zetu wa skrepa, nanyi wavuvi mnaojitengenezea chubwi za nyavu, sisemi muache riziki. Nasema isiwe uani, isiwe karibu na watoto, na sufuria hiyo isirudi jikoni kamwe. Betri iuzwe nzima, bila kupasuliwa. Ukitoka kazini, oga na ubadili nguo kabla ya kumbeba mtoto, na nguo hizo zifuliwe peke yake. Nyumbani tupige deki kwa kitambaa chenye maji. Ufagio mkavu hurusha vumbi tu.

Kina mama, mtoto akilalamika tumbo kila mara, akikosa choo, akipungukiwa na damu au akizubaa darasani, mwambieni daktari kama kuna anayeshika betri nyumbani. Asipojua hilo, huenda akatibu minyoo. Kipimo ni cha damu, na msingoje dalili, kwani watoto wengi hawazionyeshi mapema.

Wahudumu wa afya ya jamii wameketi pale chini ya mwembe. Ambaye kwake au kwa jirani kuna betri zinazovunjwa, azungumze nao kabla hajaondoka.