Unyafuzi wa Mtoto na Ulimi wa Baba

Tunamhimidi Mwenyezi Mungu, tunamtaka msaada na maghufira, na tunamswalia Mtume wetu Muhammad pamoja na jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Enyi Waislamu mliohudhuria hapa Mhunze, nanyi mnaotusikiliza majumbani na madarasani, leo nimekusudia kuzungumza juu ya neno moja ambalo katika Usukuma, na kwingi katika nchi yetu ya Tanzania, limevunja nyumba za watu. Neno lenyewe ni kubemenda. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu au miwili hunywea mikono, miguu ikavimba, nywele zikageuka rangi na kung'oka kwa wepesi, ngozi ikabanduka, naye akawa hachezi wala hataki kula. Hapo shangazi au jirani husema: mtoto huyu amebemendwa. Yaani mmoja wa wazazi ametoka nje ya ndoa hali mtoto yungali ananyonya. Na tuseme kweli, ndugu zangu: kidole huelekezwa kwa mama kwanza.

Ugonjwa huo matabibu wanauita unyafuzi. Ili tujue asili yake, yatupasa tuyatazame matumbo yetu, kwani Qurani imetuhimiza mtu akitazame chakula chake na aizingatie nafsi yake.

Nyama, samaki, maziwa, maharage na choroko vina kitu kiitwacho protini, nacho ndicho kijengacho mwili. Lakini protini haingii damuni kama ilivyo. Sharti ikatwekatwe kwanza. Kazi hiyo huanzwa tumboni na kimeng'enya kiitwacho pepsini, alichokieleza Theodor Schwann wa Ujerumani mwaka 1836. Kisha chakula hushuka katika utumbo mwembamba, na huko hukutana na kimeng'enya chenye nguvu zaidi, tripsini, kitokacho katika kongosho. Jina hilo alilitoa Wilhelm Kühne mwaka 1876.

Sasa zingatieni hekima. Kongosho lenyewe ni nyama, na tripsini ni kisu cha kukatia nyama. Mbona basi kisu hakimkati mwenye kukifua? Kwa sababu hutoka kongoshoni kikiwa alani. Mbele yake kimebandikwa kipande kidogo cha viungo vinane vya protini, na kwa kipande hicho hakikati kitu. Kifikapo utumboni, kimeng'enya kingine hukikata kipande kile, na hapo kisu kimechomolewa. Tena kongosho lina mlinzi wa pili, protini ndogo inayoishika tripsini yoyote iliyoamka kabla ya wakati. Almasi za Mwadui, jirani zetu hapa, zina ua na walinzi. Lakini ulinzi huu wa ndani ya tumbo la mtoto mchanga hakuna aliyeuajiri.

Maelezo ya kuifua tripsini yameandikwa katika jeni, nayo imo katika kromosomu ya 7. Kila mmoja wetu amerithi nuskha mbili, moja kwa baba na moja kwa mama. Mwaka 1996 wataalamu wa Marekani walionyesha kwamba herufi moja ikibadilika mahali fulani katika jeni hiyo, tripsini hukosa njia ya kujizima, na kongosho huanza kujila. Maumivu hayo makali hurithiwa na watoto kwa wazazi. Lakini hayo ni maradhi ya nadra, nasi tunazungumza juu ya mtoto ambaye jeni yake ni salama kabisa.

Haya, mtoto huyo amepatwa na nini? Jibu lilitafutwa karibu na kwetu, Kampala. Katika hospitali ya Mulago, Dakta Hugh Trowell aliwatibu watoto wa namna hii kwa miaka mingi. Mwaka 1948 mwenziwe J. N. P. Davies alieleza kwamba kongosho za watoto waliofariki zilikuwa zimesinyaa. Tena walipopima maji ya utumbo wa watoto wagonjwa, walikuta vimeng'enya ni haba mno. Na walipowanywesha maziwa, vimeng'enya vikarejea. Kwani tripsini nayo ni protini. Mwili uliokosa protini hushindwa kukifua hata kile kisu cha kuikatia protini. Maandishi yapo, fundi hana chuma.

Matabibu wa baadaye wameongeza kwamba upungufu wa protini si sababu pekee. Chakula duni kwa jumla, surua na kuharisha vinashiriki. Ama uzinzi, hauandiki wala haufuti herufi katika jeni ya mtoto aliyekwisha kuzaliwa, na hausinyai kongosho.

Jina la kigeni la unyafuzi, kwashiorkor, Dakta Cicely Williams alilichukua mwaka 1935 katika lugha ya Waga wa Ghana; ni ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa ziwani kwa kuzaliwa mdogo wake. Wazee wa huko waliona jambo lile lile walioliona wazee wetu: mtoto akiachishwa mapema hudhoofu. Wazee wetu waliona sawa. Waliotafsiri vibaya ni wale waliogeuza kukosa maziwa kuwa ushahidi wa zinaa.

Na ushahidi wa zinaa, enyi waumini, Sura ya An-Nur imeuwekea masharti: mashahidi wanne. Asiyewaleta hupigwa viboko 80, na ushahidi wake hukataliwa. Mume anayemtuhumu mkewe bila mashahidi amewekewa li'ani: aape mara nne kuwa asema kweli, na ya tano ajitakie laana ya Mwenyezi Mungu ikiwa ni mwongo. Je, yuko mume wa kuapa hivyo kwa kuwa ameona miguu ya mtoto imevimba?

Twende kwenye chungu. Uji wa mtama mtupu haumtoshi mtoto. Protini ya mtama ikipikwa huwa ngumu kwa vimeng'enya kuliko ya mahindi, na kuuchachusha unga husaidia. Bibi zetu waliopika uji mchachu hawakukosea. Utiwe unga wa dagaa, maziwa, au karanga zisizo na ukungu. Kunde na maharage yaive sawasawa, kwani yakiwa mabichi yana kitu kinachoifunga tripsini isifanye kazi.

Lakini mtoto aliyekwisha kuvimba asishindiliwe nyama nyumbani. Apelekwe hospitali, na huko huanzishwa maziwa mepesi, kidogo kidogo, mchana na usiku, mpaka mwili uweze kupokea zaidi. Anayemchelewesha kwa waganga wa kubemenda anamla mwanawe siku.

Nauli ya safari hiyo ni ya baba. Sura ya Al-Baqara imetaja miaka miwili kamili ya kunyonyesha kwa mwenye kutaka kuitimiza, na ikamwajibisha baba chakula na mavazi ya mama kwa kadiri ya uwezo wake. Na ikiwa kwa tuhuma hiyo talaka imekwisha kutamkwa, mama akaendelea kumnyonyesha mtoto, basi ujira wake ni deni juu ya baba, naye alipe.