Tusimcheke Asomaye Polepole



Leo tutawaeleza jambo lililotuaibisha sisi wazazi. Kijana wetu alifika darasa la tatu bila kujua kusoma sawasawa. Herufi b na d alizichanganya, na akikuta mb au ng alinyamaza kabisa. Aliposimamishwa asome, wenzake walicheka. Nyumbani nasi hatukuwa bora. Tulimwambia, "Mbona dada yako anasoma?" Basi akawa anaumwa na tumbo kila asubuhi ya shule. Tulidhani ni uvivu, kumbe ni hofu.

Likizo ya Agosti tukampeleka kwa nyanya yake. Nyanya hakusoma shule, lakini Zaburi ya 23 anaijua yote bila kitabu. Kila jioni alimwambia, "Mjukuu wangu, mimi sijui kusoma. Nisomee wewe." Kijana akakwama kwenye neno mchungaji. Mbuzi amewachunga mara nyingi, lakini neno lenyewe likamshinda. Nyanya alilijua, ila hakulitaja. Aliendelea kuchambua maharagwe yake, akingoja. "M... chu... nga... ji." "Ehe, endelea," akasema.

Shule zilipofunguliwa, kijana aliinua mkono mwenyewe. Alikwama mara mbili, na wengine wakacheka, lakini hakuketi. Alilirudia neno, akamaliza ukurasa. Mwalimu alipotupasha habari hizo, tulifurahi na kuona haya pamoja.

Ndugu zetu, Musa naye alimwambia Mungu ya kuwa ulimi wake ni mzito. Habari hiyo imo katika Kutoka, sura ya 4. Mungu hakumwambia, "Mbona ndugu yako Haruni anasema vizuri?" Alimpa huyo Haruni awe pamoja naye. Sisi tulimtumia dada kumwaibisha kijana wetu, naye angaliweza kuwa Haruni wake. Siku hizi dada huketi karibu naye kila jioni, na kitabu ni kimoja kati yao.

Je, nyumbani kwako yuko asomaye kwa shida? Leo keti naye dakika kumi tu. Akikwama, ngoja.

Tuombe. Ee Bwana, wewe umetungoja sisi kwa saburi nyingi. Utufundishe kuwangoja watoto wetu. Amina.