Kabla ya Kupanda Treni ya Mpanda: Mhadhara kwa Wanaojitolea Kufundisha Kiingereza



Reli ya mji huu wa Mpanda haikujengwa kwa ajili ya abiria. Tawi la kutoka Kaliua, kilomita 210, lilianza kujengwa kuja hapa mwishoni mwa miaka ya 1940 kufuata madini ya risasi. Mgodi ulikuja kufungwa. Treni ikabaki, ikibeba mazao na watumishi wapya wenye barua za kupangiwa vituo. Ndiyo maana mgeni wa muda hatushangazi. Tunamkaribisha, tunampa kiti, kisha tunasubiri kuona atakachoacha.

Anayejiandaa kule London au Chicago kuja kufundisha huambiwa akachanjwe, abebe dawa za malaria, afuatilie kibali cha ukaazi daraja C. Afanye yote hayo. Mimi nauliza jambo jingine: anajua atasimama mbele ya nani?

Atasimama mbele ya mtoto ambaye Kiingereza ni lugha yake ya tatu. Kule Katumba na Mishamo, makazi yaliyoanzishwa miaka ya 1970 kwa wakimbizi wa Burundi, ambao wengi wao leo ni raia wenzetu, mtoto hutoka nyumbani na Kirundi. Kule Mpimbwe hutoka na Kipimbwe au Kisukuma. Shule ya msingi anasoma kwa Kiswahili. Akiingia kidato cha kwanza, kinachofundishwa kwa Kiingereza, usanisinuru aliokwisha kuuelewa unageuka jina, naye anahesabiwa kama hakuwahi kuusoma. Mwaka 1984 tayari ripoti ya watafiti Criper na Dodd ilionyesha kwamba Kiingereza cha wanafunzi wetu wengi wa sekondari hakitoshi kubeba masomo mengine. Mwalimu mgeni naye, mara nyingi, ana lugha moja tu. Sasa hapo darasani mjuzi wa lugha ni nani?

Mtoto huyo ataandika “my mother, he is a farmer”. Asiyejua Kiswahili ataona uzembe. Anayekijua ataliona neno letu “yeye”, lisilobagua mke na mume, limejificha ndani ya sentensi. Ataambiwa masomo yanaanza “two o’clock in the morning”, naye badala ya kucheka atakumbuka saa mbili ya asubuhi, tunayoihesabu tangu jua lichomoze. Makosa ya namna hii yana kanuni, na kanuni hufundishika. Basi maandalizi ya kwanza ya mwalimu wa Kiingereza ni Kiswahili. Najua inachekesha.

Waliotangulia walilijua hili kwa sehemu. Mwaka 1961 mpango wa Teachers for East Africa ulileta Wamarekani kufundisha sekondari zetu, na wengi wao walipitia kwanza mafunzo ya ualimu Makerere. Peace Corps, taasisi ya Marekani ya wanaojitolea, iliyoingia Tanganyika mwaka huohuo, imezoea kuwaweka wageni wake kwenye familia kwa majuma kadhaa, wajifunze kusalimia, kula ugali na kufua kwa mikono kabla hawajakabidhiwa chaki. Mgeni anayekuja kwa wiki tatu, kamera shingoni, hana nafasi ya hayo. Huyo nitamshauri abaki kwao achangie vitabu.

Lakini hata aliyeandaliwa vizuri huondoka. Machi 2020, kwa sababu ya korona, Peace Corps iliwarudisha kwao wajitoleaji wake wa dunia nzima. Shule zetu nazo zilifungwa mwezi huo. Madarasa mengi yalipofunguliwa tena tarehe 29 Juni, wanafunzi walirudi. Wale walimu hawakurudi. Kipindi kikashikwa na mwalimu wa shule, yuleyule aliyekuwepo tangu awali, ambaye pengine hakuna aliyewahi kumwomba aingie darasani na mgeni.

Kwa hiyo nawaomba ninyi mnaojitolea. Ukifika shuleni kwako, usidai kipindi chako peke yako. Kaa ofisi ya walimu, shika zamu kama wenzako, soma muhtasari wa Tanzania badala ya ule wa kwenu. Fundisheni mkiwa wawili. Na siku ya kuondoka, liache andalio la somo mezani kwa mwenzako, likiwa na jina lake juu.