KARANI ALIYEDAI ARDHI YA WATU WAKE
(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa tawi)



Leo nitawaeleza habari za karani mmoja wa Kanada, Joseph Onasakenrat, wa kabila la Mohawk. Alizaliwa mwaka 1845 huko Oka, karibu na mji wa Montreal.

Ardhi ya Oka walipewa mapadre wa Saint-Sulpice mwaka 1717, kwa ajili ya misheni ya wenyeji. Mapadre wakasema, "Ni mali yetu." Wamohawk wakasema, "Ni yetu, ninyi mmewekwa kututunzia." Ikawa hata mti wa kujengea nyumba haukatwi bila ruhusa ya mapadre.

Mapadre ndio waliomsomesha Joseph, wakamfanya karani wao. Mwaka 1868 watu wake walimchagua kuwa chifu. Kalamu aliyofundishwa akaitumia kuiandikia Serikali mashtaka ya watu wake juu ya ardhi na kuni. Februari 1869 alikata mti bila kuomba ruhusa, akakamatwa.

Shida zikaingia hata ndani ya kijiji. Wengi waliacha kanisa la mapadre wakawa Wamethodisti, majirani wakagawanyika. Mwaka 1877 kanisa la Kikatoliki likateketea. Joseph akashtakiwa pamoja na wenzake, lakini hawakupatikana na hatia. Alikufa mwaka 1881, dai bado halijakatwa. Mwaka huo huo jamaa kadhaa wakahamia Ontario.

Mwaka 1912 baraza la rufani la London likaamua kwamba ardhi ni ya mapadre. Je, mambo yakaisha? Hapana. Mwaka 1990 mji wa Oka ulitaka kuongeza uwanja wa gofu penye misonobari na makaburi ya Wamohawk. Watu wakafunga njia. Polisi wakaja, kisha jeshi. Askari polisi mmoja akauawa. Siku 78 zikapita. Uwanja ule haukuongezwa.

Ndugu zangu, barua peke yake haikumrudishia Joseph ardhi. Lakini bila barua zile, wajukuu wangeambiwa kwamba wazee wao walikubali. Kwa hiyo malalamiko yenu yaandikeni, mtie sahihi wengi, na nakala ibaki kwenu. Asiyeandika, wenziwe humwandikia alivyokubali.