Nani Amepima Chaji?

Msikilizaji, ukiambiwa kivinjari fulani cha intaneti kinatunza chaji kuliko vyote, uliza kwanza: nani amepima? Juni 2016, Microsoft ilitangaza kwamba Edge, kivinjari chake yenyewe, kimeshinda Chrome, Firefox na Opera. Siku chache baadaye Opera nao wakapima. Mara hii mshindi akawa Opera. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Si lazima mtu awe amedanganya. Kipimo kimoja cha Microsoft kilikuwa kutazama video. Opera waliwasha kizuia matangazo chao, na matangazo kweli hula chaji. Ukibadili kipimo, mshindi naye hubadilika. Kwa hiyo uliza: nani amepima, na amepima nini?

Utasema, basi tofauti hazipo? Zipo, tena vipimo hivyo vinawasukuma watengenezaji waboreshe kazi zao. Lakini kipimo chao si matumizi yako. Mwangaza wa skrini na video vinaweza kukumalizia chaji zaidi kuliko kivinjari chenyewe. Kabla ya kubadili kivinjari, punguza mwangaza. Funga kurasa usizozihitaji. Kisha fungua mipangilio ya simu au kompyuta yako, sehemu ya betri, uone ni programu gani inayokula chaji yako.