Alama ya Haki Humfundisha Mtoto
(Mada iliyotolewa kwa wanakamati wa parokia, Kibiti)



Tunapozungumzia elimu ya Kibiti na delta ya Rufiji, tumezoea kutaja madarasa na madawati. Leo tunaomba tufungue daftari la mwanafunzi. Ile 4 kati ya 10 kwa wino mwekundu inamwambia nini?

Kufuatia Azimio la Musoma la mwaka 1974, shule zetu za sekondari zilianza mwaka 1976 kuhesabu maendeleo ya kila siku pamoja na mtihani wa mwisho, ili mtoto asipimwe kwa siku moja tu. Nia ilikuwa njema. Lakini zoezi likirudishwa na alama bila maelezo, mtoto hajui arekebishe nini.

Huku kwetu jambo hili ni zito zaidi. Msimu wa mpunga familia huhamia mashambani na kuishi kwenye madungu, wakiamia ndege na kulinda nguruwe. Kwenye delta, safari hutegemea mtumbwi na maji kujaa. Aprili 2024 mafuriko yaliingia mashambani na kwenye makazi, Rufiji na Kibiti. Mtoto akipewa sifuri kwa zoezi ambalo hakuwepo, sifuri hiyo haisemi lolote kuhusu anachokijua. Maandiko yanakataza mizani ya udanganyifu sokoni, na alama nayo ni mizani.

Tunapendekeza mambo matatu:

1. Vigezo vielezwe kabla ya kazi. Mfano, barua rasmi ya alama 10: anwani na tarehe 2, kichwa cha barua 1, ujumbe 5, hitimisho na sahihi 2.

2. Wanafunzi wakague kazi zao wenyewe au za wenzao kwa vigezo hivyo, wasahihishe makosa, ndipo mwalimu atoe alama. Zoezi hili humpunguzia mzigo mwalimu mwenye darasa kubwa.

3. Aliyekosa shule apewe kazi nyingine ya kiwango kilekile. Mahudhurio yaandikwe peke yake, yasichanganywe na alama za somo.

Wanakamati, kwenye mikutano ya wazazi ulizeni kama watoto wanarudishiwa kazi zilizosahihishwa. Wafadhili wetu, mbali na asilimia ya waliofaulu, tuulizeni pia ni watoto wangapi wanaoweza kueleza walipokosea.