Dawa Haipigi Simu: Matibabu ya Lazima Wakati Madeni Yamezidi

Leo tunagusa jambo ambalo wengi wetu hulibeba kimya kimya, hata mume au dada hajui. Ni pesa za matibabu wakati madeni yameshika nyumba kooni.

Tuseme unaishi hapa Kaloleni na unauza mitumba unayotoa Gikomba. Mtoto wako ana pumu, nawe unameza dawa za presha. Biashara imelala. Una mikopo miwili ya simu, deni la chama, na kodi ya mwezi uliopita. Leo umeshika shilingi elfu moja tu. Simu inalia, ni anayekudai. Utafanya nini? Wengi wetu humlipa yule anayepiga kelele zaidi. Dawa haipigi simu, kwa hiyo dawa ndiyo inayongoja.

Mama, usiiache ingoje. Presha haiumi, ndiyo maana ni rahisi kumeza vidonge siku moja na kuruka siku mbili ili chupa ifike mwisho wa mwezi. Lakini presha isiyotibiwa huleta kiharusi, na mama aliyepooza upande mmoja habebi tena bunda la nguo. Mtoto wa pumu akikosa pampu yake ya kila siku, anaweza kubanwa usiku wa manane, nawe utalipa teksi na kitanda badala ya pampu moja. Mtoto anayetumia insulini ndiye wa kuogopewa zaidi. Akiikosa kwa siku moja au mbili tu anaweza kuzimia na kufa.

Kwa hiyo pesa ikiingia, toa kwanza ya chakula na ya dawa za kila siku. Na kuna dalili ambazo hazingojei pesa hata kidogo. Mtoto anapumua haraka au kifua kinabonyea ndani, hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, au amelegea hata haamki vizuri. Hapo nenda hospitali mara moja, pesa utazungumzia huko. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura.

Yako yanayoweza kungoja. Dawa ya maji ya vitamini kwa mtoto anayekula vizuri inaweza kungoja. Antibayotiki kwa mafua ya kawaida haisaidii kitu, usiipe hata shilingi. Ukiandikiwa dawa ya bei kali, muulize daktari kama iko ile ile ya kampuni nyingine kwa bei nafuu. Mara nyingi iko, na kuuliza si aibu.

Pia usilipie kile ambacho ni bure. Dawa za kifua kikuu, dawa za kupunguza makali ya Ukimwi, na chanjo za watoto hutolewa bila malipo katika vituo vya serikali. Ile bima tuliyoizoea ya NHIF iliondoka, na tangu Oktoba 2024 tuko chini ya SHA. Unajiandikisha kwa simu kwa kubonyeza *147#, wewe na watoto. Asiye na mshahara huulizwa hali ya nyumba yake ili apangiwe mchango, na mchango wa chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi. Najua, kulipia mwaka mzima kwa pamoja ni mzigo. Lakini matibabu ya kawaida katika zahanati na kituo cha afya cha serikali yanahitaji uwe umejiandikisha tu. Mchango unahitajika kwa kulazwa na matibabu makubwa. Basi jiandikishe leo, hata kama mchango bado hujaupata.

Na bili ya hospitali ikikushinda? Katika hospitali ya serikali, omba kumwona mfanyakazi wa jamii kabla ya siku ya kuruhusiwa kutoka. Mweleze ukweli wa mapato yako. Bili inaweza kupunguzwa, kusamehewa, au kulipwa kidogo kidogo. Mwaka 2015 Mahakama Kuu hapa Nairobi iliamua kwamba akina mama wawili waliozuiliwa Pumwani baada ya kujifungua, kwa kukosa pesa, walivunjiwa haki zao.

Sasa tuje kwa yule ambaye hata akijinyima vipi, madeni hayaishi. Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015 inampa njia. Asiye na mali, asiye na uwezo wa kulipa, na mwenye madeni ya kati ya shilingi laki moja na milioni nne, anaweza kuomba nafuu katika ofisi ya serikali inayosimamia mambo ya waliofilisika, iliyo chini ya Huduma ya Usajili wa Biashara. Akikubaliwa, wadai hawawezi kumfuatia madeni hayo, na kwa kawaida baada ya miezi 12 huachiliwa nayo. Nafasi hii hutolewa mara moja tu maishani.

Wengi huogopa hapa. Huuliza, "Nikinunua dawa wiki hii na kuomba kufilisika mwezi ujao, si nitaonekana mwizi?" La. Kununua pampu ya mtoto si kuficha mali. Kinachokataliwa ni kuficha cherehani kwa shangazi, au kuchukua mkopo mpya huku ukijua huna njia ya kuulipa. Hapo ndipo wengi hujiharibia. Hukopa simu ya tatu kulipa ya pili, hata kwa ajili ya dawa, wakati mfanyakazi wa jamii yuko pale pale hospitalini. Kabla ya kufika huko kwenye ufilisi, jaribu pia kuongea na chama na mwenye nyumba. Chama chako kinakujua, na mara nyingi kitakupa muda.

Na wale wa mikopo ya simu wanaotisha, kutukana, au kupigia majirani na mama mkwe kukuaibisha, kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 zinawakataza. Weka ujumbe wao, usiufute.

Leo jioni tafuta bahasha moja. Tia ndani kadi za kliniki, karatasi za daktari, na risiti za kemisti, kila moja ikiwa na tarehe. Ukinunua dawa dai risiti, hata kama ni ya shilingi hamsini. Mfanyakazi wa jamii ataitaka bahasha hiyo, na afisa wa ufilisi atakapokuuliza pesa zilienda wapi, utamfungulia.